Muaskari Asaidie Mugonjwa, Asivunje Mugomo

Maneno tuliyosema mbele ya vijana, wauguzi, walimu na wazazi, hapa Beni

Tunasalimia kwa heshima minganga na wauguzi walio hapa, walimu, na pia wamama wawili wa kambi ya maaskari ambao tunawaona pale nyuma. Musijifiche, mama. Maneno ya leo yanawahusu ninyi pia.

Tuko na ulizo moja tu. Wakati minganga, wauguzi ao watu wa maji na umeme wanagoma, je, serikali iweke maaskari ku nafasi yao?

Kila mara mugomo unapoanza tunasikia watu wawili wakibishana ku soko. Wa kwanza anasema: "Walete tu maaskari! Mutoto wangu iko na homa, siwezi kungojea sendika." Wa pili anajibu: "Muaskari akiingia mule, mugomo umekufa, na sisi tunarudia mushahara ule ule." Hatukuja kumuchekelea hata mumoja kati yao. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo sababu ulizo hili ni nguvu.

Tuanze na mugonjwa, juu yeye ndiye hana sauti. Mwanamuke anafika usiku na uchungu wa kuzaa. Mulinzi anamwambia: "Mama, leo hakuna watu, kuko mugomo." Anapakiwa tena ku moto, anazungushwa muji mzima. Hatutaji hospitali yoyote. Kila mumoja wenu yuko na hadithi kama ile mu familia. Mwanamuke yule hajui sendika ni nini, hajui waziri aliahidi nini. Anajua tu kama mutoto anataka kutoka. Kijana mwanaharakati anayesema "mugomo kwanza, mugonjwa kisha" amekosa roho, na sisi hatuko pamoja naye.

Sasa tumuangalie muuguzi. Mu inchi yetu kuko wauguzi wengi ambao wanatumika miaka na miaka bila kuandikwa ku liste ya mushahara ya serikali. Wanaishi na prime ndogo ambayo inatoka ndani ya feza zile mugonjwa analipa. Siku wagonjwa ni wachache, chakula cha nyumbani ni kichache. Mutu huyu aliandika barua, akaenda mikutano, akapewa ahadi, ahadi ikafika tarehe yake na ikapita. Mwishoni akabaki na silaha moja tu ambayo haitoe damu: kukunja mikono. Naye tumwambie nini? Avumilie mupaka lini?

Katiba yetu ya mwaka 2006 inawajua wote wawili. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya. Kifungu cha 39 kinahakikisha haki ya kugoma, na kinasema sheria inaweza kukataza ao kupunguza haki ile mu mambo ya ulinzi na usalama, ao mu kazi za lazima kabisa kwa uzima wa taifa. Basi yule anayesema "kugoma ni uasi" anadanganya. Na yule anayesema "haki ya kugoma haina mupaka" naye hakusoma kifungu mupaka mwisho.

Mupaka ule uko wapi? Shirika la Kimataifa la Kazi lilifikiri ulizo hili miaka mingi, na Congo ni memba, tena ilikubali mapatano yake namba 87 juu ya uhuru wa sendika mu mwaka 2001. Kipimo chao ni chepesi kushika: kazi ya lazima ni ile ambayo ikisimama, uzima, usalama ao afya ya watu inaingia mu hatari. Hospitali, maji, umeme, kuzima moto, kuongoza ndege angani: zile zimo. Shule, benki, posta na bandari, kwa kawaida, hazimo. Mutoto akikosa masomo wiki mbili ni hasara kubwa na inatuuma, lakini hafi. Tena wanasema: kutumia jeshi juu ya kuvunja mugomo wa watu wanaodai haki za kazi ni kukanyaga uhuru wa sendika, isipokuwa hali ni mbaya kabisa na kazi yenyewe ni ile ya kulinda uzima.

Basi hata sheria haisemi "hapana" kabisa, wala haisemi "ndiyo" tu. Inauliza: maaskari wanakuja kufanya nini? Kuokoa mutu, ao kumaliza nguvu ya mutu mwingine?

Tuangalie kwanza kwa wengine, halafu turudi nyumbani.

Mu Uingereza, tarehe 14 mwezi wa 11 mwaka 1977, wazima-moto waligoma. Waliomba waongezwe asilimia 30. Serikali ikaita jeshi, na maaskari wakatoka na magari ya zamani ya rangi ya kijani yaliyotengenezwa mu miaka ya 1950. Maaskari wale walijitoa, walizima nyumba nyingi, hakuna mutu wa kuwalaumu. Lakini hawakufundishwa kazi ile, na vyombo vyao vilikuwa vya zamani. Mugomo ulichukua miezi miwili, mupaka mwezi wa kwanza 1978. Nini iliumaliza? Siyo yale magari. Walikubaliana nyongeza ya asilimia 10, na zaidi ya ile, kanuni ya kupima mushahara wa muzima-moto na ule wa wafanyakazi wengine wenye ufundi, ili ukipanda kule, upande na huku. Kanuni ile ililinda amani kwa karibu miaka 25. Mugomo mwingine wa inchi mzima ulikuja tu mu mwaka 2002.

Na mu 2002 ilikuwa vilevile: magari yale yale ya kijani, yenye karibu miaka 50 sasa, na maaskari karibu 19,000 waliotolewa ku kazi yao. Ilikuwa wakati Uingereza inajitayarisha kwa vita ya Irak. Mukubwa wa jeshi lote, Admirali Michael Boyce, alisema wazi mbele ya watu kama jambo lile linamuhangaisha. Miaka 20 kisha pale, mwezi wa 12 mwaka 2022, watu wa ambulansi wakagoma, maaskari wakaitwa tena kuendesha. Lakini hawakuruhusiwa kukimbiza na taa za bleu kama wenye kazi. Walibeba wagonjwa wasio mu hatari kubwa. Hata inchi tajiri, na jeshi lake lenye vyombo, haikupata maaskari wa kujaza kabisa nafasi ya mutu aliyesomea kazi.

Mu Marekani, mwezi wa 3 mwaka 1970, watu wa posta waligoma kuanzia New York, na Rais Nixon akatuma maaskari kupanga barua. Posta haiko kazi ya kuokoa uzima. Pale jeshi lilikuja kuonyesha nguvu. Na bado, kupanga barua za muji mukubwa kama ule ilikuwa kazi kuliko walivyofikiri. Mwaka ule ule, mwezi wa 8, sheria mupya ikawapa watu wa posta haki ya kukaa mezani na kujadiliana mishahara. Tena meza ndiyo ilileta dawa.

Karibu na sisi, mu Zimbabwe, minganga wa hospitali za serikali waligoma kuanzia mwezi wa 9 mwaka 2019. Serikali ilileta minganga wa jeshi. Halafu ikafukuza mamia ya minganga waliogoma. Je, hospitali zikapona? Hapana. Minganga walirudi mwezi wa kwanza 2020, kisha shirika moja la hisani kuahidi kuwaongezea feza. Fikirini, wandugu: muaskari hakuweza, kufukuza hakukuweza, feza ndogo ya kula na ya kupanda basi ikaweza.

Wazee wetu wanasema: dawa ya deni ni kulipa. Muaskari anaweza kushika mulango mupaka asubuhi. Deni linabaki pale pale.

Sasa turudi nyumbani. Mu Congo, muaskari na mugomo wana historia yao, na haiko ya kuzima moto.

Tarehe 9 mwezi wa 12 mwaka 1941, kule Lubumbashi, wakati ule ikiitwa Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière walikuwa wamegoma wakiomba mushahara wa kutosha, juu vita ya dunia ilipandisha bei ya kila kitu. Walikusanyika ku uwanja wa mupira. Maaskari wa koloni wakafyatua risasi. Wafanyakazi wengi wakafia pale, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina la wenzake. Ile ni kumbukumbu ya kwanza ya muaskari mbele ya mugomo ambayo babu zetu walituachia. Ndiyo maana Mucongomani akisikia "jeshi limeingia hospitali," hafikirie sindano. Anafikiria bunduki.

Na sisi wa Beni hatuhitaji kwenda mupaka 1941. Tulikuwa hapa mwaka 2018. Ebola ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka ule, na ikamalizika tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Ilichukua watu zaidi ya 2,200. Munakumbuka munamna timu zilikuwa zinafika mu quartier: magari, na nyuma ya magari watu wenye silaha. Sababu ilikuwepo, hatukatai. Wenye kutibu walikuwa wanauawa, na mu mwezi wa 2 mwaka 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Lakini munakumbuka pia watu walifanya nini. Walifunga milango. Walificha mugonjwa chini ya kitanda. Mama alisema: "Kama ni dawa, juu ya nini inakuja na bunduki?" Mwanzoni mwa mwezi wa 3 mwaka 2019, Minganga Wasio na Mipaka walisema waziwazi kama kuchanganya matibabu na polisi na jeshi kunafukuza watu. Sisi tulijua mbele yao, juu ni sisi tulikuwa tunakimbia.

Jambo la tatu ni hali ya kuzingirwa, état de siège. Ilianza tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021, mu Ituri na Kivu ya Kaskazini. Tuliambiwa siku 30. Wengi wetu tulipiga mikono, tuseme ukweli. Kisha siku 30 wakaongeza 15. Kisha 15 ingine. Mupaka tuliacha kuhesabu. Gavana akawa mwanajeshi, meya akawa polisi, na kesi za raia zikapelekwa mbele ya tribunali za kijeshi. Hata vijana waliotoka kwa amani kuuliza maulizo walihukumiwa kule. Ile ilitufundisha jambo moja: mu inchi yetu, mavazi ya jeshi yakishaingia mu kiti cha raia, kutoka kunakuwa nguvu. Haiko juu muaskari ni mubaya. Ni juu mukubwa anazoea. Kuamuru ni rahisi kuliko kuongea.

Sasa tunawageukia wamama wa kambi. Muaskari mwenyewe anapata nini mu mambo haya? Yeye hana sendika. Yeye hawezi kugoma. Mushahara wake munaujua kuliko sisi, na nyumba yake munaijua. Siku anapelekwa ku hospitali kushika kazi ya muuguzi, hakuulizwa. Basi serikali inachukua mutu asiyeweza kusema hapana, inamutumia kumunyamazisha mutu aliye na haki ya kusema hapana. Wote wawili wanatoka ndani ya familia moja. Muuguzi ni dada ya muaskari, na ni yeye anazalisha bibi ya muaskari.

Tena kifungu cha 187 cha katiba kinasema kazi ya jeshi ni kulinda inchi na mipaka yake. Wakati wa amani inaweza kusaidia mu maendeleo na kulinda watu na mali yao. Wakati wa amani! Hapa Beni, tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, tunazika watu wetu waliochinjwa mashambani na vijijini. Kila muaskari anayetolewa Mbau ao Eringeti kuja kufagia chumba cha wagonjwa, kuko shamba moja limebaki bila mulinzi. Mama hawezi kwenda kulima. Tunaponya hapa, tunafungua kidonda kule.

Kwa hiyo sisi tunasema nini? Tunasema hivi, na tunaomba muandike:

Moja. Jeshi lisaidie tu kazi ambayo ikisimama mutu anakufa: urgence, matibabu ya wanaozaa, chumba cha upasuaji, damu, oksijeni, maji na umeme wa hospitali. Darasani, hapana. Ku ofisi za kodi, hapana.

Mbili. Aje mwenye ufundi. Munganga wa jeshi, muuguzi wa jeshi, fundi wa umeme wa jeshi. Mutu anayejua kushika bunduki peke yake hana kazi kati ya vitanda.

Tatu. Silaha ibaki inje ya hospitali, na mule ndani akuwe chini ya mukubwa wa raia wa hospitali.

Ine. Tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka ziandikwe na zibandikwe ku mulango, kila mutu asome. Tumechoka na siku 30 zinazozaa miaka.

Tano. Siku maaskari wanaingia ndiyo siku serikali inakaa mezani, mbele ya mupatanishi ambaye pande zote mbili zimemukubali. Mutu unayemukataza silaha yake ya mwisho, unamudai umupatie haraka njia ingine ya kupata haki.

Sita. Hakuna mugomaji atakayefukuzwa, kufungwa ao kutolewa kwake na maaskari usiku. Kifungu cha 16 cha katiba kinakataza kazi ya kulazimishwa.

Saba. Muaskari anayefanya kazi ile alipwe prime ya kazi ile. Kama feza ya kumulipa yeye inapatikana, tutauliza juu ya nini ya muuguzi ilikosekana.

Wauguzi na minganga wetu, sasa tunawaambia ninyi, na musikasirike. Nguvu kubwa ya kuzuia maaskari iko mu mikono yenu. Kabla ya mugomo, andikeni liste: nani anabaki ku urgence, nani anabaki ku chumba cha kuzalia, usiku na muchana. Muitoe mbele ya watu, ku redio, ku kanisa, ku musikiti. Hiyo ndiyo service minimum ya kweli, siyo ile ya mudomo. Siku serikali itasema "watu wanakufa, tunaita jeshi," ninyi mutaonyesha liste na sisi raia tutakuwa mashahidi wenu. Lakini mukifunga mulango wa mwanamuke anayezaa, hatutaweza kusimama nyuma yenu. Tutakuwa naye inje.

Kwa wanaotuongoza: musingojee mugomo ili mukumbuke ahadi. Mapatano muliyotia sahihi yako na tarehe. Bajeti iko na mistari. Tutakuja kwa amani, na makaratasi ku mikono, kuuliza mustari wa wauguzi ulilipwa ao ulilipwa ku karatasi tu.

Na kwa sisi raia, kazi ni tatu. Tusimutukane muuguzi anayegoma. Tumuulize anadai nini, na toka lini. Tusimupigie mikono muaskari akiingia hospitali, wala tusimurushie mawe. Tumuulize tarehe ya kutoka. Na tumupigie simu mbunge wetu mbele mutoto hajagonjwa, juu wakati mutoto amegonjwa tunakuwa tayari kukubali kila kitu.

Mama wa kwanza wa ku soko, yule mwenye mutoto wa homa, hatujamusahau. Tunataka apate mutu wa kumupokea usiku ule, awe munganga wa raia ao munganga wa jeshi. Lakini tunataka pia akirudi mwaka ujao na mutoto mwingine, akute muuguzi yule yule, amelipwa, amelala, anamuita kwa jina. Kile cha pili, jeshi haliwezi kukileta. Ni sisi na wale tuliowachagua.

Sasa tunangojea maulizo yenu, na tunaomba wamama wa kambi waanze.